Mishokishoki ya Mbele ya Mlango

Ipyana, Kyela
Jumamosi, mvua bado

Baba yangu,

Shikamoo. Nakushika miguu kwa mbali, kutoka huku ziwani mpaka huko Muheza, nikiomba barua hii ikukute umekaa, si umelala. Jicho la kushoto linaendeleaje? Dada Zaina aliandika kwamba mtoto wa jicho amekomaa, ila chungwa bovu bado unalitambua kwa kuligusa tu. Mimi mwili ni mzima, homa ya mwezi uliopita imekwisha. Moyo ndio mgonjwa, Baba, na ndiyo sababu ya kukuandikia kabla ya zamu yangu ya kuandika kufika. Dada, msomee taratibu, wala usiruke pale ninapojilaumu ukidhani unanisitiri.

Unaikumbuka kazi iliyonileta. Mradi ulitaka kujua ni shokishoki ya aina gani, kati ya zile zilizoletwa kutoka ng'ambo, itakayoikubali ardhi ya Kyela. Watu huku wana hamu ya zao jingine. Zamani kakao yao ilinunuliwa na ushirika, bei moja, mizani moja. Siku hizi kila mwenye gari anakuja na mizani yake, leo anataka, kesho haonekani, na wakulima wanabaki wanatazamana na magunia. Kwa hiyo nilipofika na miche iliyobebeshwa walinipokea vizuri mno. Tunda lenyewe liliwachekesha, maana hawakuwahi kuona tunda lenye ndevu.

Shamba la majaribio liko kwa Mzee Ambakisye, mkulima wa kakao ambaye mguu wake mmoja huvimba, hivyo tangu asubuhi hukaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba. Nilipanda mistari mitatu, kila mmoja aina yake. Namba Moja, kule chini mtoni, ilichukuliwa na mafuriko mwaka wa kwanza. Namba Mbili iko katikati, nyuma ya jiko la mkamwana wake, Subilaga, ambaye mumewe yuko Karonga kwenye biashara. Namba Tatu iko juu, mbele ya mlango wa mzee. Hapo ndipo nilipokosea, na najua sasa hivi unatikisa kichwa. Tangu nikiwa mdogo nakushikia kisu cha kubebeshea miche uliniambia kwamba ukitaka kuujua mti usiujaribu mahali pamoja. Changanya aina, huu hapa, ule kule. Mkuu wa mradi naye alisema hivyo hivyo. Mimi nikaona mistari iliyonyooka ni rahisi kuhesabu. Ni uvivu, Baba, sina jina jingine.

Subilaga ndiye aliyepewa kazi ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Namba Mbili ikastawi, ikazaa mpaka matawi yakainama, ingawa nikwambie kweli, tunda lake lina ugwadu na nyama yake inang'ang'ania kokwa. Namba Tatu ilitoa vitunda vichache tu, vitamu kama vya ule mti wa nyuma ya msikiti wetu. Baada ya hapo, viangazi viwili mfululizo, majani yakaungua kingo na maua yakapukutika. Kila nikifika mzee aliniuliza, "Mwanangu, hawa wageni wangu wa mlangoni wana nini? Mbona wananyong'onyea mbele ya macho yangu?" Nami, msomi wa cheti kimoja, nikamjibu kwamba aina hiyo haipendi ardhi ya hapa. Nikaandika ripoti: Namba Mbili isambazwe, Namba Tatu ing'olewe. Ripoti ikaenda Mbeya, na watu wa hapa Ipyana na wengine wa Ikolo wakaanza kung'oa kakao ili mvua ikianguka tu wapande Namba Mbili.

Jumatano nilikwenda shambani bila kutoa taarifa, mkononi nina utepe mwekundu wa kufunga kwenye miti ya kung'olewa. Subilaga alikuwa anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Akamwagilia Namba Mbili. Akarudi mtoni, akaja na ndoo nyingine, safari hii akapita migombani kuelekea juu. Mzee akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Huku mkwe hukohoa ili mkamwana ajue yupo, maana hawaruhusiwi kukutana uso kwa uso. Ni heshima kubwa na ni mwiko mkubwa. Subilaga akageuka palepale, akashuka, akaimwaga ndoo nzima kwenye mti wa Namba Mbili uliokuwa umekwisha kunywa.

Nikamuuliza, "Subilaga, ndoo hiyo ilikuwa ya wapi?"

"Ya juu, dada."

"Mbona umeimwaga hapa?"

"Pale amekaa tata, baba mkwe. Nitapitaje?"

"Ni siku zote hivi?"

"Jumapili akienda kanisani napeleka." Alicheka kwa aibu, akajifunika mdomo kwa pindo la khanga. "Siku nyingine nayamwaga hapa hapa, nisirudi nayo mtoni."

"Lakini nilikuwa nakuuliza kila wiki!"

"Uliniuliza kama nimemwagilia. Nimemwagilia."

Sikuweza kumkasirikia. Alifanya kazi yake, na heshima ya nyumba yake akaitunza. Mimi ndiye niliyekaa hapa mwaka wa tano huu, nasikia kikohozi kile kila siku, nisijiulize kinamfukuza nani. Namba Mbili imekunywa fungu lake na la mwenziwe, tena na maji ya vyombo na majivu ya jikoni, wakati Namba Tatu inakula vumbi. Miaka yote hii sikupima miti, Baba. Nilipima njia ambayo mkamwana anaweza kupita.

Na linalonitia hofu zaidi ni hili: Namba Mbili haijawahi kuonja kiangazi cha kweli. Yuko mama mmoja wa Ikolo aliyeng'oa kakao iliyopandwa na marehemu mumewe kwa sababu mimi nilisema. Mvua ikianguka ataipanda Namba Mbili, na mwakani, bila ndoo mbili kwa siku, ikikauka atakuwa hana kakao wala shokishoki. Nikifikiria hivyo tonge haliteremki. Tangu Alhamisi nimepita nyumba hadi nyumba kuwaomba wasiendelee kung'oa. Wengi walinielewa. Mmoja alinitukana, na ana haki.

Mzee Ambakisye naye ilibidi aambiwe, nami niliogopa asije akamwona Subilaga mkosaji. Nikaanza na habari za mguu, nikaja kwenye mpunga, nikarudi kwenye mguu. Akasema, "Sema, mwanangu, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia." Nikasema yote. Kwanza alicheka mpaka akakohoa kikohozi cha kweli. Kisha akaitazama ile miti yake, mmoja mmoja, na kicheko kikamtoka usoni. "Kumbe kiangazi cha miti hii ni mimi," akasema. Nikamwambia ndaga, yaani asante, kwa kuwa ndilo neno pekee la Kinyakyusa lililonijia, na nikaondoka.

Jumatatu napanda basi kwenda Mbeya kumwambia mkuu wa mradi kwamba ripoti yangu haifai. Naogopa, sikufichi. Huu ni wakati wa watu kupunguzwa makazini. Mabwana shamba wa wilaya waliokuwa wanajaza gari sasa wanaenea kwenye pikipiki moja. Mtu wa mkataba kama mimi hahitaji hata kusukumwa. Mwenzangu mmoja wa ofisini ananishauri ninyamaze, eti Namba Mbili si inazaa, nani atajua? Shauri hilo nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Niombee dua, na usimwambie Mama kwamba sili.

Mama nampigia magoti. Mwambie chungu cha Wakisi alichokitaka nimekipata kutoka Matema, nimekifunga kwa mabua ya mpunga, nitampa dereva ninayemwamini. Nisalimie shangazi pale kituoni na sinia lake la matunda, na umwambie asithubutu kuwasimulia wateja habari hii. Mwalimu wangu wa chuo nampa mkono. Dada Zaina na shemeji nawabusu, pamoja na huyo mchanga ambaye sijamwona.

Ni mimi mwanao, asiyesikia la mkuu,
Mwanaidi

Alhamisi. Baba, bahasha nimeifungua tena.

Nimerudi kutoka Mbeya. Mkuu wa mradi alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, hakunifokea. Ningefurahi kama angefoka. Agizo la miche limesimamishwa. Miti yote imepewa kiangazi kingine, na mvua ikianza itapandwa mingine kwa kuchanganywa, kama ulivyosema wewe. Mimi sikupewa kiangazi kingine. Mkataba unakwisha na mwaka, nami narudi nyumbani.

Niliposhuka kwenye basi nilikwenda moja kwa moja shambani. Kiti cha mzee hakikuwepo mlangoni. Jirani ananiambia tangu Jumapili kila asubuhi Mzee Ambakisye anajikokota na mguu wake ule mpaka kwa jirani huyo, amejitwika kiti, anakaa huko hadi adhuhuri na hasemi kwa nini. Subilaga alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mkwewe na ndoo, anaimwagilia Namba Tatu huku anageuka nyuma kama mwizi. Nimemwachia daftari langu, aandike kila ndoo na mti ilikokwenda, na maua yakishika aniandikie Muheza.

Kile kisu cha kubebeshea, Baba, kipake mafuta. Nakuja kukushikia tena.