Ndege Haikulala Mwanza

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana siku hizi hakuna wa kuniitikia kwa sauti ile yako ya stendi.

Nakuandikia nikiwa Dar, kwa kaka Masanja, na siwezi kukaa kitako. Kesho tunarudi nyumbani na ndege ya mchana. Tangu asubuhi nimewapigia simu watu wa ndege mpaka dada wa kule ananijua kwa sauti, nikisema haloo tu anacheka. Masanja kaniambia, dada yangu, umekuwa mama yetu mtupu. Nikafurahi, halafu nikaingia chooni nikalia.

Daraja la Busisi limekamilika, mama. Ule muda wa kivuko uliokuwa unauongeza kwenye kila safari, abiria wakakunung'unikia, siku hizi hauna kazi. Tulipokuwa tunapita juu ya maji nilishika simu kabisa nikupigie nikwambie. Namba yako bado ipo. Sijaifuta na sitaifuta.

Sasa nikwambie habari ya mjukuu wako. Ulituacha tukidhani Minza ana pumu. Kumbe ni tundu kwenye moyo! Ndiyo maana akitoka mlangoni kwenda chooni anachuchumaa njiani kwanza. Daktari wa Mwanza akasema kuna kambi ya madaktari wageni Dar, wanakaa muda mfupi wanaondoka. Mtoto awepo Jumatatu kabla ya mchana kwa vipimo. Asipokuwepo, nafasi yake anapewa mwingine, na kambi nyingine ni lini hakuna anayejua. Na kupanda basi akatukataza, kifua cha mtoto hakiwezi kutikiswa kutwa nzima. Mimi, mtoto wa mkata tiketi wa stendi ya Runzewe, naambiwa basi ni mwiko!

Baba Minza akatoka machimboni Mwakitolyo na matope yake miguuni, akasema tukate ndege ya kwanza ya Jumatatu, itafika mapema tu, daraja lipo, shida iko wapi? Nikamuuliza, hiyo ndege inalala wapi?

Akanikodolea macho.

Si ndilo swali lako, mama? Miaka yote pale stendi hukuwahi kumwambia abiria gari linaondoka saa ngapi kabla hujajua limelala wapi. Lililolala Runzewe ulimuuzia mtu kwa moyo mweupe. Lililolala Kahama ulimwambia, baba, kanywe chai kwanza, hilo linakuja na matatizo ya huko. Na siku ile ulipopanda ndege kwa mara ya kwanza kuja kumwona Masanja, ukamuuliza yule binti mwenye skafu pale uwanjani, naye akakujibu, "Bibi, ndege hazilali." Ukamwambia, "Kila chenye dereva kinalala, mwanangu." Nilitamani ardhi ipasuke. Na ndege ikachelewa, ikachelewa sana, watu wanafoka, wewe umetandika kitenge unawagawia matobolwa, viazi vyako vikavu, kama uko msibani. Mpaka yule binti alikuja kula.

Basi nikauliza. Ndege ile ya Jumatatu haikuwa inalala Mwanza. Inatoka Dar alfajiri, inageuza. Kikiharibika chochote huko, sisi huku tunakaa. Nikasema tunaondoka Jumapili, na Jumamosi tunalala Mwanza kwa shangazi. Baba Minza akaja juu, eti naogopa kivuli changu, eti safari ya siku moja naifanya ya siku tatu. Nikamwambia, wewe duarani unaingia kabla hujapanga matimba ya kuzuia udongo? Baadaye nikamwona anapiga pasi gauni la Minza.

Ah, mama. Jumapili ziwa lilikasirika. Wingu jeusi mpaka chini, mvua imelala ubavu. Ndege ilikuja, tukaisikia kabisa juu yetu, ikazunguka, ikarudi ilikotoka. Tukatangaziwa tutasafiri kesho asubuhi. Yaani kwa ndege ile ile niliyoikimbia!

Baba Minza akapiga simu kutoka nyumbani alikobaki. Nilijua atanicheka, nikajikaza kumjibu vibaya. Hakucheka. Aliuliza tu, "Sasa tunafanyaje, Mama Minza?" Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Nilizunguka ukumbi ule wa uwanjani kama kuku anayetaka kutaga. Nikajiuliza, mama angefanya nini? Ungeshika siti. Si hivyo tu? Abiria wako akichelewa, ulikuwa unapitisha kanga yako dirishani unaitupa juu ya siti, na atakayeigusa akome. Lakini hospitali nitatupa kanga dirisha gani? Nikampigia Masanja. Nikamtumia picha ya barua ya daktari, nikamwambia, kaka, kesho alfajiri nenda kashike siti ya Minza.

Akaelewa papo hapo. Mtoto wa stendi yule.

Jumatatu ndege ikachelewa, kama nilivyojua. Minza ananiuliza, mama, imekwama? Namwambia imelala, itaamka. Midomo yake imeanza kuwa ya bluu, nami natazama mlango, natazama anga, natazama mlango. Nilikukasirikia, mama. Nakwambia ukweli. Nilisema, ulikuwa na haraka gani ya kufa na mimi nina mtoto mgonjwa?

Mchana ulishapita tulipofika hospitali. Nimembeba Minza mgongoni, natembea huku nakimbia, nimeshakata tamaa. Nikamkuta Masanja, lile jitu lote, amekaa kwenye kiti kidogo cha watoto chenye picha ya sungura. Kumbe tangu alfajiri hakunyanyuka. Nesi alipoita jina, "Minza!", yeye akasimama akaitika, "Nipo!" kama yuko darasa la kwanza. Wakacheka mpaka daktari akatoka kuangalia kuna nini. Masanja akamweleza ndege, mvua, kila kitu, akamwonyesha barua. Daktari akamwambia, basi kaa, usiondoke. Hata chooni hakwenda, mama. Aliponiona tu akanipita mbio bila salamu.

Wakampima jioni hiyo hiyo. Wakamfanyia upasuaji. Sitakusimulia kukaa nje ya mlango ule, maana hakuna mtu wa kumuuliza chochote, unakaa tu na mikono yako.

Jana tulirudi kliniki kuagwa. Niko dirishani nachukua dawa, nikasikia nesi anafoka kwenye korido: "We mtoto! Acha kukimbia!"

Nikageuka nimtafute huyo mtoto mtukutu ni wa nani.

Mama, ni wetu. Nesi akaniomba radhi alivyoniona nalia, akadhani amenikwaza. Sikuweza kumweleza kwamba tangu Minza azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumkataza kukimbia.

Pumzika sasa, mimi uliyeniita ng'wanone, mwanangu, nipo. Tukifika, hata kabla ya kufungua mizigo, nitamleta ulipolala. Nakuahidi kitu kimoja tu. Tukifika pale njia ya kuja kaburini kwako inapoanza, nitamwachia mkono.

Mwanao,
Mama Minza