Mtani Aliponyamaza

Kijiji cha Ujamaa Itulilo,
Tabora.
16 Novemba 1975

Kaka yangu mpendwa Abasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Mtwara halikukusumbua wakati wa mtihani. Mimi sijambo, Mama anajikaza. Nisome polepole, kaka. Unajua mimi hata kujibu swali darasani nashindwa, na leo nina la kusema.

Uliniuliza kuhusu matembezi ya Baba. Ni kweli, tangu alipohamia hapa na cherehani yake kutoka Mtendeni mjini hakuwa mtu wa kutoka. Lakini baada ya mavuno alianza kuomba nafasi kwenye lori la kijiji, yeye na mimi, twende asubuhi turudi jioni. Mama alimwambia kifua chake hakitaki vumbi. Alijibu kwamba kifua ni chake na vumbi ni la Serikali.

Dereva wetu bado ni Mzee Chilongani, yule Mgogo, mtani wetu. Kwanza tulikwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa msafiri wa Kizungu zamani za misafara. Nilimsomea Baba maandishi ya ukutani, naye akauliza wapagazi walilala wapi, maana babu yake alikuwa mmoja wao. Chilongani akadakia kwamba Wanyamwezi hawakulala, walikuwa wanatapika mtama walioiba Ugogo. Baba akasema Ugogo hakujawahi kuwa na mtama wa kuiba, walichotoka nacho huko ni vumbi tu. Walicheka mpaka Baba akashikwa na kikohozi, akakaa kizingitini.

Safari nyingine tulikwenda bwawa la Igombe. Baba alivua viatu akatia miguu majini, na Chilongani akamsihi awahurumie samaki, nao wana watoto.

Kisha Sikonge, kufuata asali. Siku hiyo Baba aliegemea mlango wa lori njia nzima. Alimchokoza Chilongani kila namna. Alilitukana lori, akayatukana mapishi ya mkewe, akasema Serikali inahamia Dodoma kwa sababu imechoka kula vizuri. Chilongani aliitikia ndiyo, ndiyo, akapunguza mwendo kwenye mashimo. Mimi nilifurahi, nikadhani hatimaye amejifunza adabu. Nilipomsimulia Mama, aliacha kupepeta mchele akajifunika uso kwa kanga. Aliniambia mtani hunyamaza mara moja tu, anapoona mwenzake yuko njiani.

Kaka, Baba hatunaye. Alifariki juma lililofuata, tukamzika Ijumaa baada ya swala. Usimlaumu Mama. Baba mwenyewe alituapisha tusikuandikie mpaka umalize mtihani, akasema waliaji matangani hawakosekani, lakini mwalimu katika ukoo wetu hajapatikana bado.

Siku ya msiba Chilongani aliingia amevaa kofia ya Baba, utepe wa kupimia nguo umening'inia shingoni. Akaketi kwenye cherehani, akakohoa kile kikohozi, kile kile, akauliza nani amezusha kwamba fundi amekufa, kwani Mnyamwezi hafi, amejificha tu asirudishe mtama wa Wagogo. Watu walicheka. Nami nilicheka, kaka, kwa sababu kwa muda ule mdogo Baba alikuwa amerudi. Halafu akaivua kofia, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani, akatoka nje bila kumtazama mtu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumebaki wenyewe.

Yeye ndiye atakayekupokea stesheni. Ameapa kukutukana tangu ukiwa dirishani mwa treni, mbele ya abiria wote. Hapa nyumbani amenichokoza mara nyingi tangu siku ile, na sauti yangu haitoki. Wewe mjibu, tafadhali. Utalia baadaye, tutalia sote. Mjibu kwanza, asije akanyamaza tena.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri njiani. Kofia tumekuwekea.

Ni mimi mdogo wako,
Batuli