Picha ya Kinyozi wa Savannah

Paris, 3 Machi 1927

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Vipi goti lako? Na shangazi Odessa?

Picha yangu imekubaliwa kwenye maonyesho ya Mei. Miezi saba nilichora madaraja ya mto kama wachoraji wote wageni wa hapa, hakikutoka kitu. Kisha nikamwona kinyozi wa mtaani kwangu akinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, nikakukumbuka. Nimekuchora ukiwa kazini, na aproni yako. Hapa naketi mkahawani meza niitakayo, hakuna anayeniinua kwa sababu ya rangi yangu. Labda ndiyo maana mkono umetulia.

Mwanao,
Delphine

Savannah, Marekani, 19 Machi 1927

Delphine mwanangu,

Marahaba. Goti linanisumbua mvua ikinyesha. Shangazi yako anauliza kama chakula unakila au unakichora tu.

Nilikutumia picha yangu ya suti. Aproni ya nini? Miaka thelathini naivua kabla sijatoka mlangoni, maana nikionekana nayo barabarani mzungu yeyote ataniita "wewe, boi." Sasa umevuka bahari ukanitundike nayo mbele ya wazungu wa huko? Iondoe.

Baba yako

Paris, 2 Aprili 1927

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana, nimeisoma mara tatu. Pole na goti.

Nilikwenda kuiondoa. Kwenye orodha ya maonyesho nikakuta wameipa jina lao: "Mweusi na Wembe." Nikamwambia katibu, "Huyo ana jina lake."

Akacheka. "Binti, nani hapa atamjua?"

"Si lazima wamjue. Walisome jina lake tu."

Amekubali kuandika "Bwana Ambrose Gadsden, kinyozi," ila nimpe jibu kabla ya tarehe ishirini, orodha ipelekwe kuchapwa. Gazeti la wazungu wa huko halijawahi kumwandikia mtu wetu "Bwana," hata siku ya kuzikwa. Hapa neno hilo litachapwa. Lakini aproni siwezi kuifuta. Nikiifuta si wewe tena, ni suti tu.

Ukikataa, naiondoa picha, na sitakulaumu. Barua itachelewa, tuma telegramu.

Mwanao,
Delphine

TELEGRAMU
Savannah, 16 Aprili 1927

ITUNDIKE NA APRONI YAKE. WAAMBIE GADSDEN INA D MBILI.
BABA