Nilijificha Nyuma ya Nguzo

Mama Kaviha, ule uvumi wa kisimani kwamba kanisa la kisiwani huwakalisha nyuma akina mama wa Kisauni ulinikaa moyoni mwezi mzima. Leo, arusi ya binti yangu Mapenzi, nikakaa nyuma ya nguzo mwenyewe. Hakuna aliyeniambia nikae huko.

Tena miguu mitupu. Niliona lile kuba juu ya kanisa, nikavua viatu mlangoni kana kwamba naingia msikitini na jirani Tima.

Kwetu Freretown, hapa Kisauni, benchi langu la kanisani nalijua hata nikifumba macho. Kule sikujua pa kuweka mikono.

Kasisi akauliza, "Nani amtoaye mwanamke huyu?"

Babake ni marehemu, wa kumtoa ni mimi. Mapenzi akageuka, akageuka tena, hanioni. Machozi yakamlenga.

"Mimi," nikasema. Kutoka nguzoni, shoga.

Nikapita katikati ya kanisa zima bila viatu. Benchi la mbele lilikuwa tupu, likiningoja. Mamake bwana arusi akaninong'oneza, "Mwenzangu, tulidhani umemkataa mwanetu."

Watu wanadai uhuru, mimi naogopa benchi.

Binti yako ataolewa huko huko mwezi ujao, basi shika haya:
Usisikilize maneno ya kisimani.
Usivue viatu.
Usikae nyuma.
Usimwache mtoto akutafute.