Mzee Vua na Dakika Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Daktari kaja mbio na karatasi mkononi — mkuu mzima wa kituo chetu cha kupima sumaku ya dunia, anakatiza ua mbio! Kaitandaza mezani kwangu. Mstari wa dira. Miaka yote umekuwa ukisogea kidogo kidogo upande wa magharibi, ndiyo kawaida ya sumaku hiyo hapa kwetu. Kufika Machi, ruka! Dakika mbili za pembe, sehemu ya thelathini ya digrii, na haujarudi. Anasema huenda kuna jambo limetokea huko chini kabisa, kwenye chuma kilichoyeyuka ndani ya dunia, na sisi ndio tumeliona kwanza. Makala ameshaandika. Jumatatu ijayo anakuja mtaalamu kupima kwa mkono wake, akithibitisha inachapwa.

Jina langu litawekwa pembeni ya lake. Haki yangu, anasema, kwa sababu mashine inayojiandikia iliungua kwa radi Februari, na tangu hapo namba zote zimetoka kwenye macho yangu.

Macho yangu. Nilicheka. Nikanywa soda mbili.

Jumanne, 4 Juni

Mlinzi kanitania getini: sasa Mzee Vua atatuvua mpaka ngozi. Jina hilo ninalo mwaka wa ishirini na mbili na nalipenda, sifichi. Haingii mtu na chuma kwenye kibanda cha kupimia, kitavuruga sumaku. Kibanda chenyewe ni mbao tupu na misumari ya shaba. Kuna mheshimiwa alikuja kukagua, nikamvua mkanda, akakagua kituo kizima kashikilia suruali. Daktari naye, siku yake ya kwanza kazini, nilimfumulisha nywele mbele ya wafanyakazi wote kwa ajili ya vibanio viwili. Alivitoa macho chini. Na mimi nimesimama pale, kifua mbele.

Jumatano, 5 Juni

Mama watoto alikuwa anapinda gauni hapa mezani. Pini ikamponyoka. Katafuta chini, katafuta mapajani, kumbe imenata kwenye mkono wa miwani yangu.

"Baba watoto, miwani yako ina mkono mrefu," akacheka.

Mimi sikucheka. Kasha la miwani linajifunga lenyewe, pap! — lina sumaku mdomoni. Miwani ya chuma imelala humo kila usiku tangu niinunue. Na nimeinunua lini? Machi.

Tarakimu ndogo za chombo cha kupimia pembe zilikuwa zimeanza kuniogelea. Sikumwambia mtu isipokuwa mama watoto. Nastaafu mwakani — nani atamweka mpimaji asiyeona? Kwa hiyo naivaa nikishafunga mlango wa kibanda. Hakuna wa kuniona, sheria ni mtu mmoja tu ndani. Sheria niliyoitunga mimi.



Alhamisi, 6 Juni

Nimejaribu. Namba za kwenye kisanduku kinachosoma sumaku ni kubwa, hizo naziona bila miwani. Nikaweka chombo kwenye sifuri, nikasogeza uso kama ninavyosogeza kila siku, miwani puani. Namba zikapanda. Nikaivua, nikaiacha nje, nikarudi. Sifuri. Mara tatu.

Dunia haijaruka popote. Ni pua yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Leo ilikuwa zamu ya kupima. Niandike hapa, maana hakuna pengine nitakapoandika: niliivaa tena. Nikijua! Nilisimama mlangoni, nikafikiri, mstari ukishuka leo Daktari ataniuliza kuna nini. Nikaivaa, nikapima, nikaandika namba kwa mwandiko mzuri kabisa.

Hadi Jumatano lilikuwa kosa. La leo ni uongo. Kaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaniambia ahsante mzee wangu. Nilishindwa kumtazama.

Jumapili, 9 Juni

Nimemweleza mama watoto yote. Kaendelea kukunja nguo. Halafu akasema, "Yule ni mtoto wa mwenzio. Mwambie leo, kabla hajaaibishwa na mgeni."

Nilikwenda. Nilifika hadi mlangoni kwake. Dirisha liko wazi, namsikia anajifunza hotuba yake kwa sauti. Anakosea, anajicheka, anaanza upya. Akafika mahali pa kushukuru, akanitaja mimi kabla ya walimu wake wote.

Nikageuka. Nyumbani nimesema sikumkuta. Sasa nimewadanganya wawili.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika hapa kwenye benchi nje ya kibanda, kwa kalamu ya mti. Mgeni, yule mtaalamu, yuko ndani, anapima. Kabla hajaingia Daktari alivua vibanio mwenyewe, bila kuambiwa, amwonyeshe mgeni mfano. Mgeni akavua mkanda, saa, viatu. Nilisimama pale nikipokea vitu vya watu mikononi.

Ametoka. Namba yake imepungua dakika mbili kutoka kwenye zangu. Dakika mbili kamili! Amesema kwa upole kwamba kwa kipimo chake yeye, haoni mruko wowote.

Nilidhani Daktari atanigeukia. Hakunigeukia. Amemkazia macho mgeni — mtu mwenye mvi nyingi kuliko mimi — akamwambia, "Rudia. Huyu mzee hakosei. Wewe ndiye utakuwa na chuma mahali."

Mgeni amerudi ndani kwa soksi, masikini. Amegeuza mifuko yote. Daktari kamfanya afungue hata kola ya shati. Amekuwa mkali, na ukali huo kaupata kwangu, neno kwa neno.

Mara ya pili: ileile. Sasa wamesimama mlangoni. Daktari ananiita nikamkague mgeni kwa mkono wangu, kwa sababu hamwamini mtu mwingine.

Nimeinua uso kuitika. Nimesahau kuwa naandika na miwani.

Hajawahi kuniona nayo. Anatazama miwani, anatazama kibanda, anatazama miwani. Vibanio vyake viwili bado viko kwenye mfuko wangu wa shati.

"Mzee," kaniuliza taratibu, mgeni asisikie, "umeanza lini kuvaa miwani?"

Nimemwonyesha kidole, asubiri, namalizia mstari. Anasubiri kweli, kwa adabu. Jibu ni neno moja tu na yeye mwenyewe analo kwenye karatasi yake, pale mstari uliporuka.