Kioo cha Kofia ya Bodaboda

Matongo, Jumanne

Swali linalonisumbua tangu chuo kikuu ni hili: jicho linapodanganywa na kioo, mwenye jicho atajuaje?

Leo mdogo wangu Marwa, bingwa wetu wa kuzamia duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lililofurika maji, amejiundia miwani kwa kioo kilichopinda cha kofia ya bodaboda. Ameibuka akitabasamu. "Dada, upenyo wa chini una kimo kizuri. Kesho napita."

Nikamweleza kwamba majini kioo kilichopinda hivyo huacha upana ulivyo, lakini huonyesha kimo kirefu kuliko kilivyo, kwa hiyo atakwama.

"Fizikia yako haijawahi kutoa hata punje ya dhahabu, dada."

Hoja nzito.

Nimekificha kioo. Sasa atazama akipapasa, nami nijisifu kwa tahadhari yangu. Huenda upenyo unatosha kweli. Kuthibitisha kungenilazimu kuzama, nami sijui kuogelea.