Mgeni wa Bahati

Jumanne, Novemba

Nilidhani nimemweleza vizuri. Bahati alilala stesheni ya treni miaka miwili kabla ya halmashauri kumpa fleti ya majaribio kule Hjulsta, kitongoji cha huku ughaibuni, na mkataba wake unakataza kulaza wageni. Leo nimemkuta na Mrundi mmoja, mwenzake wa stesheni, ametandikiwa jikoni.

“Watakunyang’anya nyumba,” nikamwambia.

“Mzee, si wewe ulinitoa stesheni ukanilaza sebuleni kwako? Uliomba ruhusa kwa nani?”

Nimefundisha shule miaka thelathini; nikainama kukunja matandiko ya mgeni.

Mkaguzi wa halmashauri anakuja kesho asubuhi, kwa hiyo nimeondoka na yule Mrundi. Sasa anakoroma sebuleni kwangu. Fleti imesalimika, nadhani. Lakini Bahati alifunga mlango bila kuniaga, na sijui kama nimemsaidia au nimemfundisha kufukuza mtu.